Kikopo cha Kuazima

Katika kiwanda cha mikate, kila baada ya miezi sita, wote wanaogusa unga hupewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko chekundu. Unakwenda nacho nyumbani, asubuhi unakirudisha kikiwa na choo chako, na majibu yakiwa mazuri unapata cheti cha afya. Bila cheti hugusi unga. Ni sheria nzuri na sina ugomvi nayo, ila aliyeitunga hakumuuliza mtu tumbo lake hufunguka saa ngapi. Kuna waliofunga choo siku ya tatu, kuna wenye minyoo wanaojijua, kuna wanaokumbuka kikopo wakiwa tayari getini. Kwa hiyo watu wa chumba cha kukandia, tangu enzi na enzi, walikuwa wakiazimana. Wenyewe waliita kuazima unga. Mtu aliweza kumwambia mwenzake mbele ya msimamizi, "Nipunguzie unga, wangu leo umegoma," na msimamizi akapita zake akidhani watu wanachapa kazi. Wengine waliazima kwa wake zao, wengine kwa shemeji, na inasemekana yupo aliyewahi kuazima kwa mama mkwe. Hakuna aliyeona kosa. Vyeti vilitoka, mikate ikaokwa, watu wakala.

Mkubwa wa chumba hicho cha kukandia aliitwa Hamira. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za mshahara tu. Hilo la Hamira alipewa na wenzake kwa sababu hakuchelewa kuumuka: neno dogo tu, mashavu yanajaa, sauti inapanda, halafu baada ya nusu saa ananywea na kuomba radhi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, thelathini na moja kati ya hiyo ameimalizia mbele ya mashine moja ya kukandia, na alijivunia kuwa anaweza kuupima unga kwa kidole na kusema umebakiza dakika ngapi.

Mwanzoni mwa mwaka huo muuguzi wa kiwanda, mama mfupi asiyecheka ovyo, aliwakusanya chumba cha kulia. Alisema safari hii kuna kipimo kipya kwa waliovuka arobaini na mitano. Kinatafuta damu iliyojificha kwenye choo, ile ambayo jicho halioni. Alieleza kwamba saratani ya utumbo mpana huanza na kivimbe kidogo kisichouma wala kuwasha, kikakaa humo miaka kikivuja damu tone kwa tone, na mwenyewe anakula na kucheka kama kawaida. Kikikamatwa mapema, hukatwa na mtu akarudi kazini. Watu waliguna, mmoja akauliza kama chai itachelewa. Hamira katika hotuba nzima alisikia neno moja tu, damu.

Maana yeye alikuwa na bawasiri. Alikuwa nayo miaka mingi, na nyumbani kwake ilizungumzwa waziwazi kama jamaa aliyekuja kutembea akakataa kuondoka. Alikuwa na mto wake wa kukalia. Mara mojamoja aliona damu kwenye karatasi, akapaka dawa yake, akanyamaza. Sasa kipimo kikimwona, itakuwaje? Mwaka uliopita jamaa mmoja wa chumba cha kufungashia alikutwa na homa ya matumbo, wakamweka kufagia uwanja kwa muda, na ule muda haujaisha mpaka leo. Hamira alijiona na fagio mkononi, amebakiza miaka minne kustaafu, vijana wakimpita na kumwamkia kwa huruma. Akakata shauri hapohapo.

Jioni alimpa mkewe kikopo, akinung'unika kwamba safari hii kinatafuta damu, na kumwomba unga. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka thelathini ya ndoa," alisema, "kumbe hiki ndicho ulikuwa umebakiza kuniomba." Lakini alikipokea. Asubuhi Hamira alikikuta kikopo mlangoni, kimefungwa ndani ya mfuko mweusi, akakitia kwenye begi na kuondoka mbio kuwahi zamu. Hakuuliza kitu, na sijui nani angeuliza.

Baada ya wiki mbili muuguzi alimwita chumbani kwake na kufunga mlango. Kufungwa tu kwa ule mlango kulimkata maini. Muuguzi alimwambia taratibu kwamba damu imeonekana, nyingi kuliko kiasi cha kawaida. Haikuwa na maana kwamba ana saratani, alisema, inaweza kuwa jambo dogo kabisa, lakini lazima aende hospitali kubwa apimwe kwa kamera inayoingizwa utumboni, na asikawie. Akampa barua. Alipomwona Hamira amekauka, akamshika bega na kumwambia ajipe moyo, kwani wengi hukutwa wazima.

Hamira aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeelekezwa njia. Hakuwa akijihofia yeye hata chembe. Damu ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke aliyemwacha nyumbani asubuhi akikuna nazi na kuimba, mwanamke ambaye hakuwa amelala hospitali tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Kuna mtu ndani ya nyumba yake alikuwa anavuja damu bila kujua, na anayejua ni yeye peke yake.

Sasa mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angekwenda moja kwa moja akaseme. Hamira aliikunja barua mara nne, akaitia kwenye soksi, akarudi kwenye mashine. Tusimhukumu upesi, ingawa mimi nimekwisha kumhukumu mara nyingi. Kumwambia mkewe kulimaanisha kumpeleka hospitali, na hospitali wangeuliza amejuaje, na yeye angelazimika kueleza habari ya kikopo, na habari ingerudi kiwandani. Kisha kulikuwa na hofu ya pili, ambayo hakuikiri hata kwa nafsi yake: kwamba akilitamka neno hilo ndani ya nyumba, litakuwa kweli.

Akaanza kumchunguza. Mezani alihesabu matonge ya mkewe. Alisimama karibu na mlango wa choo akijitia kufunga kamba za viatu. Kila siku alimuuliza tumbo linaendeleaje, kama anachoka, kama nguo zinampwaya, mpaka mkewe akaingiwa na shaka ya namna nyingine. "Mwanamume akianza kuuliza afya ya mkewe kila saa," alimwambia binti yao, Hamira akisikia, "ujue kuna kitu anaficha. Nitamjua tu huyo mwanamke." Binti alicheka, akasema baba mwenyewe nani amtake, na mto wake ule.

Binti huyo alikuwa wa kwanza kuzaliwa, miaka ishirini na tisa, msusi. Mtaani wote walimwita Msusi, na wazazi wake nao wakazoea. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa saluni yake: viti viwili, kioo kirefu, makopo ya mafuta, na wateja ambao vicheko vyao vilivuka ukuta siku nzima. Siku hizi alikuwa akisuka amekaa badala ya kusimama. Zahanati walimwambia damu imepungua, wakampa vidonge vya madini ya chuma, naye alivimeza kila asubuhi kwa chai. Hamira alikuwa na kinyongo naye kidogo kwa sababu moja tu, kwamba akiingia chooni alikaa mno, na mara mbili alimgongea mlango kwa hasira akimwambia wenzake nao wana matumbo. Macho yake yote yalikuwa kwa mkewe. Hakumwona mwingine.

Wiki zikapita, na muuguzi hakumwachia. Alimwambia wazi kwamba bila karatasi ya kamera hatoi cheti, na bila cheti atamtoa kwenye unga Jumatatu ijayo. Hapo Hamira akapata wazo ambalo aliliona la busara. Atakwenda mwenyewe. Alipiga moyo konde, akawaambia nyumbani kuwa ni utaratibu wa kazini kwa watu wa umri wake, akanywa jagi zima la dawa ya kusafisha tumbo, na mchana kutwa akashinda anakimbizana na choo huku mkewe na Msusi wakimcheka kutoka jikoni.

Daktari wa kamera alikuwa kijana mwenye mikono mipole. Hamira alilala ubavu, akachomwa sindano ya kumlegeza, na kwenye kioo cha pembeni akauona utumbo wake mwenyewe, wa waridi, unang'aa. Daktari alimwambia yuko safi kutoka mwanzo hadi mwisho, ni bawasiri tu, na bila shaka ndiyo iliyotoa damu. Hamira akiwa anavaa suruali akamuuliza, kama anauliza la mtu mwingine, je, kama mtu ana damu kwenye kipimo na hana bawasiri?

Daktari alimjibu bila haraka. Kivimbe kikiwa kidogo, alisema, hukatwa kwa waya mwembamba uliomo ndani ya bomba hilohilo la kamera, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kikiachwa, huota mizizi kwenye ukuta wa utumbo, halafu huutoboa, halafu huingia kwenye tezi na kupanda hadi kwenye ini. Akasema kwamba wagonjwa wake wengi wangepona kama wangekuja kabla ya pale walipokuja, na huo ndio ugumu wa kazi yake. Hamira alimshukuru, akatoka nje, akakaa muda mrefu kwenye benchi.

Cheti kilitoka wiki ya saba. Alikuwa amepanga kusema siku hiyohiyo, kwa kuwa sasa kazi yake imepona. Alipoingia na karatasi mkononi, mkewe alipiga vigelegele vya mzaha, lakini Msusi ndiye aliyemshangaza. Aliacha kichwa cha mteja nusu, akaja jikoni, akaichukua karatasi na kuisoma yote, kisha akamkumbatia baba yake akilia. Hamira aliguswa sana. Alidhani anapendwa kuliko alivyojua. Akaona si haki kuwaharibia siku watu wenye furaha namna ile, akasema moyoni atasema kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, ikawa mwezi, ikawa miezi miwili.

Ajabu ya hofu ni kwamba mtu huizoea. Mkewe hakukonda, hakulalamika, alikula na kugombana na majirani kama siku zote, na Hamira akaanza kujidanganya kuwa huenda kipimo kilikosea. Hata hivyo usingizi ulimkimbia, na kazini unga ulianza kumharibikia. Alikuwa akichovya kidole na kusahau alichokuwa akikipima.

Kilichomtoa kimya chake kilikuwa jambo la kijinga. Mkewe alikula kitu kibovu, akashikwa na tumbo la kuendesha, akashinda amejikunja kitandani akiugulia. Hamira alipotoka kazini na kumkuta vile alidhani ndiyo imefika. Alikaa chini kando ya kitanda, akamshika mkono, na yote yakamtoka: kipimo kipya, damu, barua kwenye soksi, kamera, daktari, miezi yote ile. Alilia waziwazi, akamwomba msamaha, akamwambia kesho asubuhi wanakwenda hospitali hata kama atafukuzwa kazi.

Mkewe alimsikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, wala hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomtisha Hamira. Alijiinua polepole akaegemea ukuta, uso umembadilika.

"Unga ule haukuwa wangu," alisema. "Mimi asubuhi ile sikupata. Niliazima kwa mwanao."

Kutoka chumba cha mbele walimsikia Msusi akimwambia mteja ainamishe kichwa. Mama alianza kuhesabu kwa vidole, si siku, bali mambo: vidonge vya damu, kiti cha kusukia, ule uso uliopauka, ile tabia ya kukaa mno chooni. Kila alipokunja kidole Hamira alikiona alichokuwa haoni. Kisha wakala njama, na hili nalo nalitaja bila kulipamba. Walikubaliana wasimwambie kilichotokea. Watamwambia tu anahitaji kupimwa kwa sababu ya ule upungufu wa damu. Mengine atayajua akishapona.

Msusi hakubisha. Alikwenda, akanywa dawa ya jagi kwa ukimya, na kamera haikufika mbali. Mwisho kabisa wa utumbo mpana, vidole vichache tu kutoka njia ya haja, kulikuwa na uvimbe uliozunguka karibu ukuta wote. Daktari yuleyule mwenye mikono mipole alitoa vinyama vidogo akavipeleka maabara. Baada ya hapo zikaja picha za mashine, na siku kumi za kungoja ambazo nyumba ile ilisahau hata kuwasha redio. Hamira alikwenda kazini na kurudi. Wateja wa Msusi waliambiwa ana mafua.

Siku ya majibu waliingia watatu. Daktari alimtambua Hamira, akamsalimia, akashangaa kidogo kumwona tena, halafu akamgeukia mgonjwa na kuzungumza naye yeye, siyo wazazi. Ni saratani, alisema. Imeingia kwenye tezi, na kwenye ini kuna doa moja. Hakumficha wala hakumkatisha tamaa. Wataanza na mionzi na dripu za dawa ili uvimbe unywee, kisha upasuaji, na huenda akahitaji kubeba mfuko tumboni wa kupitisha choo, labda kwa muda, labda moja kwa moja. Doa la ini litashughulikiwa baadaye kama dawa zitalikubali. Itakuwa kazi ndefu, na hawezi kumwahidi mwisho wake.

Msusi aliitikia kila neno kwa kichwa, mikono imelala mapajani. Daktari akachukua kalamu na kuuliza damu alianza kuiona lini. Msusi akasema mwaka umepita na zaidi. Kalamu ikasimama.

"Mwaka mzima," daktari alisema, sauti ikiwa chini, "na hukumwambia mtu?"

"Nilidhani ni bawasiri. Baba anayo, nikajua nimeirithi." Msusi alisita, akamtazama mama yake kwa aibu kidogo. "Halafu daktari, mimi nilipima."

"Ulipima wapi?"

"Kazini kwa baba. Kile kikopo chao. Mama alikuja kuazima kwangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshamsikia baba akisema safari hii kinatafuta damu. Nikasema Mungu kaniletea, napima bila kumtia mtu wasiwasi. Nikangoja majibu wiki saba, silali. Siku baba aliporudi na cheti ndiyo nikajua niko mzima. Niliendelea kuiona damu, lakini nikasema si kitu, kipimo kimesema si kitu. Isingekuwa hivyo ningekuja. Wallahi ningekuja."

Chumba kilikuwa kidogo na feni ilikuwa inazunguka. Mama alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Daktari alimgeukia Hamira, na Hamira akajua kwamba bado ana njia: anaweza kusema hakumbuki, anaweza kusema hakuambiwa. Aliliona fagio. Liliingia kichwani hata pale, hata saa ile, na akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake.

"Majibu hayakuwa mazuri," alisema. "Damu ilionekana. Niliambiwa wiki ya pili."

"Lakini ulipewa cheti," Msusi alisema. "Nilikisoma."

"Nilikwenda kupimwa mimi. Cheti ni cha tumbo langu."

Msusi alikaa akilifikiri hilo, kama anavyofikiri mtu anayepewa hesabu ya haraka. Hakulia. Alipouliza, aliuliza kwa upole, kwa sababu alitaka kweli kujua.

"Kwa hiyo ulidhani ni damu ya nani?"

"Ya mama yako."

Msusi aligeuka akamtazama mama yake, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, kisha akarudi kwa baba yake.

"Na ulinyamaza?"

Daktari akauliza kikopo kile kilipelekwa tarehe ngapi. Hamira aliikumbuka siku, tarehe na mwezi, akavitaja, na daktari akaviandika kwenye faili la Msusi, juu kabisa, mahali pa kipimo cha kwanza.